Saa Mbili ya Spika

Watu wa mji huu wa bandari ni wabishi, tuseme ukweli. Waambie kivuko kinaondoka saa mbili asubuhi, watafika na robo, jasho linawatoka, magodoro vichwani, halafu wamlaumu nahodha. Ndiyo maana Spika, mtangazaji wa gatini, alianza kudanganya miaka kumi na minne iliyopita. Kivuko cha saa mbili na nusu akakitangaza cha saa mbili. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha mji mzima ukagundua, kila mtu akawa anajiongezea nusu saa yake kimya kimya, na Spika akabaki anapiga kelele mpaka koo linamkauka.

Hata mama yake. Akitajiwa saa yoyote huuliza kwanza: ya kweli au ya mwanangu?

Basi akaletwa meneja mpya, mtu asiyecheka ovyo. Akasema upuuzi huo umekwisha: kuanzia Jumatatu, kikitangazwa saa mbili kinang'oa nanga saa mbili. Spika akatangaza wiki nzima, akaapa kwenye kipaza sauti. Wachukuzi wakavunjika mbavu, maana kiapo hicho walishakisikia mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa uongo.

Na Jumatatu hiyohiyo mama yake alikuwa na safari. Jicho la kulia lilikwisha kufa, la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, na daktari bingwa aliyefika kisiwa cha pili alikuwa anamalizia kupasua siku hiyo. Kurudi kwake ni mwakani, Mungu akipenda. Kivuko ni kimoja tu kwa siku. Spika alimpigia simu Jumapili jioni, akampigia tena alfajiri. Saa mbili kamili, mama. Mama akamjibu kwamba yeye si abiria wa kutishwa, amemzaa mwenyewe na anamjua.

Saa mbili kasoro dakika tano, mama hajaonekana. Spika akamkimbilia meneja, akaomba dakika kumi tu, akaeleza habari ya jicho. Meneja akatazama saa ya ukutani.

"Si ulitaka watu wakuamini?" akasema. "Leo ndiyo wataanza."

Honi ikalia. Lango la kivuko likafungwa, na tangazo akalisoma Spika mwenyewe. Hasira zilimjaa kifuani, na hakujua amtolee nani.

Dakika kumi na mbili baadaye mama akafika, ameshikwa mkono na dada yake Spika, mkoba kwapani, viatu vipya miguuni. Dada akaona kivuko hakipo gatini. Mama hakuona kitu. Akageuza uso upande wa maji, akatabasamu.

"Leo kimetulia," akasema. "Injini bado hawajawasha?"

Spika akashuka ngazi za kibanda chake cha matangazo, akamwambia kimekwenda. Kisha hasira zikamtoka zote: nimekupigia mara mbili, nimekuapia, mbona husikii, mama, mbona husikii! Watu wakageuka kutazama.

Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata shati lake.

"Sijachelewa, mwanangu," akasema. "Nimekuja kwa saa yako."

Nyuma yao abiria waliendelea kuingia na magodoro yao, mmoja mmoja, bila haraka.