Mafumbo ya Mwalimu Mutuma na Ngamia Wasiohesabiwa

Enzi zetu, na wewe uliyewahi kukalia dawati moja na wenzako wanne utanielewa, akili ya mtoto ilinolewa kwa kelele. Leo nyumbani kwangu akili inanolewa kimya kimya. Binti yangu Qabale, mwenye digrii yake na miaka ishirini na mitatu, anajiandaa kwa mtihani wa kuajiriwa kazi Nairobi. Anajitupa kwenye kochi, simu mkononi, vidude masikioni, na kila swali amepewa sekunde arobaini. Umbo gani linafuata? Nani ameketi kando ya nani? Yupi kati ya hawa ni mwongo? Akipata, simu inarusha nyota za rangi. Akikosa, simu inatetemeka, na yeye anatetemeka nayo. Juzi nilimwomba anisomee swali moja tulijaribu pamoja. "Mathe, ngoja kwanza, time inaisha," akaniambia bila kuinua macho. Nikarudi jikoni kwa chai yangu, nikamkumbuka Mwalimu Mutuma.

Mwalimu Mutuma alitoka upande wa Meru akaja kutufundisha hapa mjini Isiolo nikiwa darasa la saba. Alikuwa mfupi, mwenye sweta ya kijani ambayo hakuivua hata jua likichoma, na shule yetu ilikuwa ile ambayo upepo ukianza kuvuma saa tano, vumbi linaingia darasani kabla ya mwalimu. Alikuja na kitabu kimoja cha mafumbo ya mantiki, cha Kiingereza, jalada lake limefunikwa karatasi ya mfuko wa simiti. Kitabu kimoja, watoto thelathini na wanane. Yeye alisoma, akatufasiria, akaandika ubaoni. Hilo halikuwa shida. Shida ni kwamba kurasa za majibu hazikuwemo. Kabla Mwalimu hajakinunua kile kitabu, mama fulani wa sokoni alikuwa amezifungia mandazi.

Sasa utajuaje nani amepata? Tulipiga kura. Nasema kweli. Mwalimu alisimama mbele, chaki sikioni, akatuacha tubishane mpaka jasho litutoke, halafu akasema, "Haya basi, wale wanasema ni jibu B, mikono juu! Wewe huko nyuma, shusha mmoja." Kundi lililoshinda, jibu lao liliandikwa pembeni mwa kitabu kwa kalamu nyekundu, na likabaki kuwa ukweli mpaka mwisho wa muhula.

Nakumbuka swali la meza ya mviringo. Bwana, mke wake, mama mkwe wake, na wageni wawili wameketi kuizunguka meza. Bwana hayuko kando ya mgeni yeyote. Je, ni nani walio kando yake? Mtoto wa leo atakujibu kabla hujafunga mdomo: mke na mama mkwe. Sisi tulikasirika. Mwanamume aketi bega kwa bega na mama mkwe wake, wale chakula wakiangaliana? Wapi? Waborana tulikataa, Waturkana wakakataa, na hata Wameru waliokuwa na kiherehere cha kumuunga mkono Mwalimu waliona haya. Tuliamua kwamba mama mkwe amepelekewa chakula chake ndani, meza ina watu wanne, na swali lina makosa. Tulishinda kwa kura zote isipokuwa moja, ya Mwalimu mwenyewe. Alitazama ubao, akatutazama, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Ndani."

Usicheke. Katikati ya mwaka wa darasa la nane ilikuja habari ya mtihani wa ufadhili. Watu fulani wa kusaidia elimu wangemchukua mtoto mmoja kutoka sehemu yetu, mmoja tu, wamlipie sekondari ya bweni mpaka kidato cha nne. Mtihani wenyewe ulikuwa wa mafumbo ya kufikiri, kwanza ya kuandika, halafu ya kuulizwa uso kwa uso. Kwetu ada ya sekondari haikuwepo, na baba hakuzungusha maneno: nikipata nafasi ile nitaendelea na shule, nikikosa nitakaa na nyanya yangu nimsaidie kuuza maziwa ya ngamia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliitaka shule kama mtu mwenye kiu. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nyanya tulimwita Akko, kama Waborana wote wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa na meza yake kwenye soko la maziwa, na maziwa yalimfikia asubuhi kutoka Burat. Jioni alikaa kwenye kigoda uani akifukiza vibuyu kwa vijiti vya moto, moshi ukitutoa machozi sote wawili, na mimi nikamsomea mafumbo niliyonakili kwenye daftari. Hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini kubishana, jamani, mwanamke huyo angeweza kubishana na redio mpaka betri iishe.

Nilimsomea lile la njia mbili. Umefika njia panda, njia moja inaenda sokoni na nyingine inaenda jangwani. Wamesimama watu wawili, mmoja husema kweli daima na mwingine hudanganya daima, nawe una swali moja tu. Utauliza nini?

"Siulizi," akasema Akko.

"Lazima uulize, Akko."

"Niulize mwongo njia, na kinyesi ya punda iko chini? Punda inaenda soko kila siku. Angalia chini, fuata." Akageuza kibuyu, akapuliza moshi. "Na hao wawili hawana kazi? Wamesimama huko toka asubuhi?"

Ilinichukua siku tatu kumweleza kwamba hakuna punda kwenye swali. Siku ya nne alikubali, shingo upande, halafu akaanza kulitafuta jibu kikwelikweli. Alifumba macho, akawageuza wale watu wawili kichwani, mmoja huku na mwingine kule, akasema, "Muulize huyu: yule mwenzako ataniambia nipite wapi? Halafu pita ile ingine." Nilimrukia shingoni mpaka kibuyu kikaanguka. Kesho yake nililipeleka jibu darasani pamoja na lile la kwanza la Akko, yakapigiwa kura, na jibu likashindwa na punda.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Akko hakulegeza kamba. Mafumbo ya mifugo. Nilipofungua mdomo nikasema, "Mzee Fulani ana ng'ombe..." mkono wake unaonuka moshi ulifika kwenye midomo yangu kabla ya ile namba. "Wewe! Unahesabia mtu ng'ombe yake? Amekutuma? Unataka ikufe?" Kwetu mifugo ya mtu haitajwi idadi. Hata mwenye nayo haisemi. Ukimuuliza ana wangapi atakwambia wapo, alhamdulillahi, na atakuangalia vibaya tangu siku hiyo. Nilimweleza kwamba hawa ng'ombe ni wa kitabuni. Akasema hata kitabu kina mwenyewe. Basi tukaruka mafumbo yote ya mifugo, moja baada ya jingine, na kitabu kiliandikwa na mtu aliyependa mifugo sana.

Mtihani wa kuandika nilipita. Mara mbili niliinua kichwa nikitaka tupige kura, nikakumbuka niko peke yangu. Ng'ombe walikuja, kondoo wakaja, lakini kupaka kalamu kwenye herufi si kusema, kwa hiyo nilipaka na roho yangu ikatulia. Tulibaki watoto watatu kwa nafasi moja, tukaitwa kwenye ukumbi mmoja pale mjini, kila mmoja na mzazi wake. Baba alikuwa safarini na lori kuelekea Sericho. Nilipelekwa na Akko.

Alivaa shela yake ya Idi, akaketi kwenye benchi nyuma yangu, karibu na mlango ambapo Mwalimu Mutuma alikuwa amesimama na sweta yake. Mbele yangu kulikuwa na meza, wanaume wawili wenye tai, na mama mmoja wa Nairobi mwenye miwani na uso mzuri. Aliniuliza maumbo, nikajibu. Aliniuliza nani mrefu kuliko nani, nikajibu. Alinipa lile la njia mbili, nikalijibu haraka na nikamsikia Akko nyuma akiguna kwa fahari. Mama yule alitabasamu, akageuza karatasi.

"Swali la mwisho, Talaso. Na hili tumelitunga kwa ajili ya watoto wa huku, ujisikie nyumbani. Mzee mmoja ana ngamia. Nusu yao wako malishoni. Robo wako kisimani. Sita waliobaki wako bomani. Mzee huyu ana ngamia wangapi?"

Nilijua. Walahi nilijua kabla hajamaliza. Sita ni robo, robo nne, nimemaliza. Namba ilikaa kwenye ncha ya ulimi wangu ikiwa imevaa viatu. Nikasikia nyuma yangu kikohozi kimoja kidogo, kikavu.

"Wapo, mama," nikasema. "Alhamdulillahi."

"Ndiyo, lakini wangapi?"

"Wanamtosha."

Mmoja wa wale wenye tai aliandika kitu, na niliona kalamu yake ikichora mstari. Mama alivua miwani. "Hujui, mwanangu?"

"Najua."

"Basi sema."

"Siwezi kusema. Ni wa mtu." Machozi yalikuwa yameshafika. Niliiona shule ikiondoka na nafasi yangu ikienda kwa mmoja wa wale wenzangu wawili, mtoto wa mwenye duka aliyekuwa akisubiri nje. Niliona vibuyu. Na bado mkono ule wa moshi ulikuwa kwenye midomo yangu, ingawa mwenyewe alikuwa ameketi hatua tano nyuma. Ndipo nikapata kitu. Sijui kilitoka wapi. "Lakini miguu naweza kusema."

"Miguu?"

"Miguu yao ni tisini na sita."

Yule wa kwanza mwenye tai alianza kugawanya kwenye karatasi, ulimi nje kidogo. Wa pili alihesabu kwa vidole akapotea, akaanza upya. Mlangoni Mwalimu Mutuma alikuwa amejifunika uso kwa mkono wa sweta, na mabega yanamcheza. Hatimaye yule wa kwanza akainua kichwa, na nadhani alitaka kunikomoa. "Na kama mmoja wao ni kilema?"

"Kilema bado mguu anao," nikamwambia. "Anachechemea tu."

Mama wa Nairobi alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akataka kuelezwa, nami nikamweleza habari ya mifugo ya mtu, na akageuka kumtazama Akko kwenye benchi. Akko alimtazama pia, kama mtu anayemtazama mwenye makosa.

Tukirudi alinitangulia kwa hatua za haraka mpaka tulipolipita soko. Nilifikiri amefurahi. "Miguu," akasema mwishowe. "Hiyo miguu ilikuwa imesimama peke yake?" Na wiki nzima, baada ya kila swala, nilimsikia akimwombea yule mzee wa kwenye swali, Mungu amlindie ngamia wake na macho ya watu wa Nairobi.

Barua ilikuja kupitia kwa Mwalimu. Nilikuwa nimepata. Mwalimu aliisoma darasani, na kwa sababu ya mazoea akauliza nani anaamini, mikono juu. Nilipiga kelele, nikakimbia hadi sokoni bila viatu, nikamwambia Akko mbele ya akina mama wote wa maziwa. Alinishika kichwa, akanibariki, akapima maziwa ya mteja wake, akamwaga nusu mezani. Mimi nilidhani ni furaha. Mtoto hajui kitu.

Siku ya kuondoka alinisindikiza stendi na kopo la nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukaanga inayokaa miezi. Alilipanga na kulipangua kopo lile kwenye begi langu mara tatu. Basi lilipowasha injini alinivuta gauni kupitia dirishani, akasema kwa Kiborana, polepole, nami nalitafsiri nilivyolisikia: "Ningejua utashinda, ningekufundisha vibaya." Nilicheka. Yeye hakucheka. Tulipofika Meru ndipo nikaelewa, nikalia mpaka mama niliyeketi naye akaniuliza kama nimefiwa.

Qabale wangu anapata maswali mengi kuliko tulivyopata sisi, sibishi. Lile la njia mbili amelimaliza kwa sekunde ishirini na hajawahi kukanyaga kinyesi cha punda. Anapata peke yake, anakosa peke yake, na hakuna wa kumwambia kwamba meza yenyewe imewekwa vibaya. Sisi tulikosa thelathini na wanane kwa pamoja na tukaenda nyumbani tumeshiba. Jana usiku alifika kiwango cha juu kabisa, simu ikarusha nyota mpaka dari ikawaka, na mtihani wake ni Jumatatu; akipita, anahamia Nairobi. Namwombea apite, namwombea kwa kila swala. Lakini simu ile ikitetemeka, nikimsikia amesonya kule kochini, najikuta jikoni nimeshika sufuria nikitabasamu, Mungu anisamehe.