Mlango wa Bihambwe

Kaka yangu Zéphyrin ni mchoraji, na hasira yangu kwake haijapoa tangu mwaka jana. Tulitoka Pinga tukahamia Sake, na huko akaanza kuchora juu ya mbao za nyumba zilizokimbiwa. Watu wakikimbia vita, wezi wasio na haya hung'oa milango yao na kuiuza sokoni kama kuni. Zéphyrin huinunua, huipaka rangi, hubandika matambara na kurasa za daftari. Maandishi anayoyakuta huyapanga anavyotaka: majina, tarehe, namba. Nilimwambia hayo ni mambo ya watu asiowajua. Akacheka.

Alipoonyesha kazi zake katika ukumbi wa parokia, mlango mmoja ulisifiwa kuliko yote. Wachanjaji walikuwa wameuandika kwa chaki, kama wafanyavyo kila nyumba: 3/4. Yaani nyumba hii ina watoto wanne, watatu wamechanjwa. Zéphyrin aliifunika ile nne kwa rangi nyekundu, akaiacha tatu peke yake. Eti hivyo unapendeza zaidi.

Siku ya pili akaingia Mama Mukankusi, muuza maziwa, na bidoni yake, dumu la maziwa, mkononi. Alisimama mbele ya ule mlango mpaka watu wakaanza kumtazama.

"Papa, huu mulango uliupata wapi?"

"Nilinunua ku soko, Mama."

"Iko mulango ya nyumba yangu ya kule Bihambwe. Hii misumari bwana yangu njo alipiga. Na ine iko wapi?" aliuliza, akigusa pale palipokuwa na nne.

Akatueleza kwamba siku ya chanjo, mtoto wake wa nne, Umulisa, alikuwa malishoni na baba yake. Mwezi uliofuata walikimbia, na Umulisa akapotea njiani. Hajaonekana tena. Hakuwa na picha wala cheti cha kuzaliwa.

"Mutoto yangu hayuko ku karatasi hata moja," alisema, sauti ikipanda. "Walimuandika ku mulango tu. Na wewe ukamufuta juu ipendeze?"

Nilitamani kumzaba kaka yangu kofi. "Kwangua hiyo rangi!" nilimfokea mbele ya wageni wake wote.

Alichukua kisu, akaanza kukwangua. Rangi ikabanduka vipande vipande, na chaki ikabanduka nayo. Chini zikabaki mbao tupu.

"Unisamehe, Mama," alisema. "Nitaandika tena ine. Itakuwa sawa na ile ya mbele."

"Wewe? Ulimuona siku gani?"

"Sikumuona, Mama."

"Basi usiandike kitu."

Mukankusi aliweka bidoni chini, akaung'oa mlango ukutani kwa mikono yake. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mimi nikashika upande wa pili, tukatoka nao barabarani, nikamwacha kaka yangu humo na watu wake wa kumsifu.