Kuku wa Mama Zima

Hebu mfikirie mgeni wako anakuja. Jioni imeanza kuingia, jua bado lipo, nawe umejikalia ndani. Unasikia kandambili zinaburuzika kwenye saruji, taratibu, za mtu asiye na haraka. Ni mama wa makamo, futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni, na gauni lako alilolipunguza kiuno limelala mkononi mwake. Unangoja aseme hodi. Lakini kabla ya hodi unasikia kitu kingine: tak. Amekuzimia taa ya barazani.

"Jua linakumulikia bure," anasema akiwa huko huko nje, "taa ya nini tena?" Ndipo anapiga hodi.

Huyo ndiye Mama Zima. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila watu wa safu ile ya nyumba walishalisahau. Alikulia kwenye nyumba ya watoto wengi na taa moja ya mafuta, na mama yake alikuwa akiipuliza kabla mtoto wa mwisho hajamaliza kujifunika. Mpaka leo, taa inayowaka kwenye chumba kisicho na mtu humkera kama vile wengine wanavyokerwa na bomba linalovuja. Hawezi kukaa. Atanyanyuka tu.

Ukimkuta kazini ndipo utamwelewa vizuri. Cherehani yake ina mota, lakini mota hupewa kazi pale tu kitambaa kinapokuwa kizito, kama suruali za walinzi. Vingine vyote hushona kwa kukanyaga kwa mguu, dirishani, mchana. Pasi huiwasha mara moja kwa siku, nguo zote zikiwa zimeshapangwa. Inapoanza kushika moto inapita kwenye vitambaa laini, ikikolea inaingia kwenye pamba, kisha anaichomoa na kumalizia vitambaa vya mkononi kwa joto lililobaki. Vile vya mwisho hunyooshwa na pasi ambayo mimi na wewe tungeshaiita baridi.

Cherehani hiyo ndiyo inayomlisha yeye na binti yake, na ndiyo inayomsomesha binti. Nyumba yao ni ya pembeni, kwa hiyo chumba chao cha mbele ni kikubwa kuliko vyote katika safu. Mkataba wa kupanga unakataza biashara ndani ya nyumba. Ofisi ya wenye nyumba ilikuwa inajua, na ilikuwa inafumba macho. Kibanda cha barabarani aliwahi kukijaribu. Kodi yake ilimeza kila alichoshona, akarudi nyumbani kimyakimya.

Sasa, mambo yalianzia kwenye transfoma, lile sanduku kubwa lililo juu ya nguzo mwisho wa mtaa. Jioni watu wakirudi kutoka makazini, kila mtu akiwasha kila kitu kwa pamoja, linaunguruma kama mtu anayebeba gunia asiloliweza. Siku moja likalipuka. Zahanati ndogo ya mtaa inatumia laini hiyo hiyo, na watu walimwona nesi akikimbia barabarani na boksi la chanjo kifuani, akitafuta friji yenye umeme. Transfoma ikatengenezwa, ikalipuka tena. Hapo ofisi ikafunga mita mpya zinazozungumza na simu, na pamoja na mita ukaja mchezo.

Kijana wa ofisi aliwakusanya uani akaueleza. Kila nyumba itakuwa na kuku wake ndani ya simu. Ukitumia umeme kidogo, kuku anaota manyoya na kuwika, hata kama ni jike. Ukitumia mwingi, anapukutika. Na kila mtu anawaona kuku wa wenzake. Msimu ukiisha, nyumba ya kwanza itapewa friji mpya isiyokula umeme. Nyumba ya mwisho itakaguliwa, plagi kwa plagi, na kama kuna kazi ya biashara inayotumia umeme, kazi hiyo itabidi ihame. Hilo la mwisho alilisema kwa upole akiangalia viatu vyake. Wengine wote walimwangalia Mama Zima.

Mama Zima alicheka. Yeye, awe wa mwisho? Aliwaambia kuku wake ataota manyoya hadi kwenye kucha.

Na kweli, mwanzoni ilikuwa hivyo. Kuku wake alinenepa manyoya hadi macho hayaonekani. Binti ndiye aliyekuwa na simu ya kuuchezea mchezo, na kila asubuhi kabla ya shule alimwonyesha mama yake, naye mama aliitazama simu kama mtu anayetazama picha ya mjukuu.

Kisha Mama Pacha wa nyumba ya tatu akagundua jambo. Aligundua kwamba akizima kila kitu kwake na kwenda kukaa kwa jirani, kuku wake anaota manyoya huku yeye anapiga soga. Akaangalia ni wapi panafaa. Kwa Mama Zima pana nafasi, pana televisheni, na jioni huwa kuna taa moja nzuri kwa ajili ya kutia vifungo. Akaja na pacha wake na madaftari yao. Kesho yake wa nyumba ya tano naye akapita kusalimia. Haikuchukua muda, safu nzima ikawa inasalimia. Wengine walikuja na simu zao za kuchaji, wakiuliza kwa adabu kama kuna tundu lililo wazi.

Mgeni pekee ambaye hakuja kwa sababu ya mchezo ni Babu Kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyewanyoa wanaume wa mtaa ule mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Anaishi peke yake. Yeye alikuwa akija kusikiliza taarifa ya habari tangu zamani, na kugombana na msomaji wa habari kana kwamba anamsikia. Alipowakuta watu wamejaa alifurahi. Sasa alikuwa na hadhira.

Jioni zile zilikuwa nzuri, tusidanganyane. Mama Pacha aliigiza mwendo wa kijana wa ofisi mpaka watu wakaomba aache, mbavu zinauma. Pacha walifundishwa hesabu na binti. Feni ilizunguka, televisheni ilisema, chai ilichemshwa na kuchemshwa tena. Na kila asubuhi kuku wa Mama Zima alikuwa amepungukiwa.

Binti ndiye aliyemfafanulia. Alimwonyesha kwenye simu mistari ya nyumba zote: jioni mistari ya wenzao inalala chini kama mtu aliyechoka, wa kwao unapanda kama kichuguu.

"Mama, hawa hawaji kutusalimia," binti alisema. "Wanakuja kuwaka kwetu."

"Sasa unataka nimwambie mtu anywe chai gizani?"

"Nataka cherehani ibaki humu ndani."

Mama Zima aliendelea kutia uzi kwenye sindano, na uzi ulikataa kuingia. Siku hiyo kuku wao alikuwa wa mwisho, shingo tupu, na Mama Pacha alishatania kwamba amebakiza kuingia kwenye sufuria tu.

Alichukua siku kadhaa kupata ujasiri. Hatimaye, taarifa ya habari ilipoisha, aliwaambia wote yalivyo, bila kumtaja mtu. Alisema hamfukuzi yeyote, ila wakiendelea hivi, ofisi itakuja kuhamisha kazi yake, na kazi yake ikihama yeye hana pa kuipeleka. Kila mtu akajitazama miguu. Walichomoa simu zao moja moja, wakaaga.

Jioni iliyofuata hakuja mtu. Mama Zima alitia vifungo akisikia sindano inavyopita kwenye kitambaa, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa muda mrefu. Kisha hodi. Alikuwa Babu Kinyozi, na mkononi ameshika balbu, ameifunga kwa taulo kama yai.

"Nimekuja na yangu," alisema. "Toeni yenu, tufunge hii. Nisije nikala umeme wa watu."

Binti alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akamketisha na kumweleza pole pole kwamba mita haijui balbu ni ya nani; inahesabu nyumba ambamo taa inawaka, basi.

Babu alilifikiria. "Kwa hiyo hii ikiwaka kule kwangu, nami niko hapa?"

"Unahesabiwa wewe, Babu."

"Hata kama hakuna mtu ndani?"

"Hata kama hakuna mtu."

"Mita pumbavu," alisema Babu Kinyozi. Akaifunga tena balbu yake kwenye taulo, akaiweka mapajani, akasikiliza habari mpaka mwisho.

Polepole na wale wengine walirudi, safari hii kwa akili. Mama Pacha alileta chai kwenye chupa, ameichemshia kwake. Simu zilikuja zimeshashiba. Mtu alileta taa ya kuchaji, aliyoichaji nyumbani, ikawekwa katikati ya meza na kubwa ikazimwa. Kichuguu cha Mama Zima kikaanza kushuka. Lakini msimu ulikuwa umeshakwenda sana, na wenzake walikuwa wamemwacha mbali. Binti alipiga hesabu zake akasema ukweli: wakijibana kwa kila kitu, bado watakuwa wa mwisho, labda tu mtu mwingine aanguke.

Na mtu akaanguka. Kuku wa Babu Kinyozi, ambaye siku zote alikuwa wa katikati, alianza kupukutika. Leo mkia, kesho bawa. Mama Pacha alimwambia kwamba kwa kinyozi, hilo la kuku kubaki na kipara ni heshima ya kazi. Babu alijibu kuwa uzeeni mtu husahau swichi. Mama Zima alimkanya kweli kweli. Alimwambia nitakuwa napita kwako kukuzimia. Babu alisema hapana, mwanangu, usijisumbue, na tangu siku hiyo akawa anafunga mapazia.

Ikafika siku ya mwisho. Mchezo ungefungwa saa tatu usiku. Tangu asubuhi kuku wa Mama Zima na wa Babu Kinyozi walikuwa wakipokezana mkia wa orodha. Huyu akibakiwa na manyoya matatu, yule ana mawili, baada ya saa moja wamebadilishana. Kwa Mama Zima kila kitu kilikuwa kimezimwa isipokuwa televisheni. Watu walikaa kuizunguka ile taa ya mezani, na kila mara mmoja aliuliza simu inasemaje. Ilipotimu saa mbili na nusu, Mama Zima alikuwa mbele kwa unyoya mmoja.

Habari ilikuwa ikiendelea. Babu alijipapasa mfukoni, akagundua amesahau miwani, na maandishi ya chini ya kioo hayaoni.

"Nikuletee," alisema Mama Zima.

"Aende binti."

"Binti anafanya hesabu."

"Basi iache. Nitasikiliza tu."

Lakini Mama Zima alishanyanyuka, kandambili zimeshashika njia.

Mlango wa Babu ulikuwa umerudishwa tu. Aliusukuma, na mwanga ukampiga usoni. Kila balbu ilikuwa inawaka, chumbani, jikoni, hadi bafuni. Feni ilizunguka kwa nguvu zote juu ya kitanda kilichotandikwa. Mlango wa friji ulikuwa wazi, umezuiwa na kigoda usijifunge. Pasi ilisimama wima kwenye sahani, moto, bila nguo hata moja karibu yake. Na mezani, ile mashine ya zamani ya kunyolea, ambayo Babu hakuwa ameigusa tangu aache kazi, ilikuwa inanguruma yenyewe na kutambaa kidogo kidogo kama mdudu, imefungwa kwa kamba isianguke.

Miwani ilikuwa kando yake. Mama Zima aliichukua. Akasimama pale akiiangalia ile kamba, fundo lake lilivyofungwa kwa uangalifu na mikono inayotetemeka.

Mkono wake ulikuwa umeshapanda kwenye swichi ya mlangoni kabla yeye mwenyewe hajajua. Ni mazoea ya maisha yake yote. Aliusimamisha hapo hapo, kidole juu ya swichi. Nje, mwisho wa mtaa, transfoma ilikuwa inaunguruma. Kupitia upenyo wa pazia aliiona zahanati, dirisha moja lina mwanga, kivuli cha nesi kinapita. Taa za Babu zilififia kidogo, zikarudi.

Ukuta kwa ukuta, alimsikia Babu anakohoa, kisha sauti yake ikaja, ya mtu anayejaribu kuuliza kama hajali.

"Umeiona?"

"Bado," alijibu Mama Zima, miwani mkononi. "Bado naitafuta."

Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa tatu. Nami nakuuliza wewe, ambaye amekuzimia taa ya barazani mara nyingi ukamnunia: kama kidole kile kingekuwa chako, ungeibonyeza ile swichi?