Stelingi Wasio na Mama

Nimeandika juu ya sinema magazetini kwa muda mrefu hata kuna watu wanaodhani nilisomea kazi hiyo. Sikusomea. Nilijifunza kuitazama picha nikiwa nimekaa kando ya mama yangu katika stoo ya pamba pale Homa Bay, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na mama hakuwa na subira na mkanda usiojua kumheshimu mzazi. Wahariri wakilalamika kwamba kalamu yangu ni kali, huwa nawaambia washukuru hawakumjua aliyenilea.

Stoo ilikuwa ya Muhindi mmoja muuza nguo. Msimu wa pamba ukiisha hakuwa na la kulifanyia jengo lile, kwa hiyo Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, alitundika shuka nyeupe ukutani, akaziba matundu ya mabati kwa magunia na kuwasha jenereta huko nje. Mikanda ililetwa kwa meli kutoka Kisumu, karibu yote ya Kihindi. Pembeni mwa shuka alisimama karani wa duka lake, Mjaluo wa kwetu kandokando ya ziwa, aliyekijua Kihindi kwa kusikiliza wenye duka wakizungumza mwaka nenda mwaka rudi. Yeye ndiye aliyetufasiria. Stelingi angeimba juu ya mwezi, maua na mvua mpaka watoto wasinzie, naye karani akasema tu, "Anasema anampenda," kisha akanyamaza.

Pale alipong'ara hasa ni mkanda ulipokuja pungufu. Riili moja ilisahaulika Kisumu, au ilikatika vibaya, na picha ikaruka kutoka harusini hadi gerezani bila maelezo. Hapo karani alisogea mbele, akatusimulia yaliyopotea: nani kamsaliti nani, nani kafa, nani kachukua mimba. Alitia chumvi, kila mtu alijua, na wapo waliosema riili zilizosahaulika ndizo tamu kuliko zilizofika.

Sasa niseme mama alifikaje pale, kwa sababu hakuwa mtu wa starehe.

Kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wake, alikuwa akisafirisha samaki wakavu kwa mashua kutoka Mfangano kuja Homa Bay, mama alikokuwa na meza sokoni. Safari moja ziwa liliwachafukia. Mashua ilionekana imepinduka, wenzake wakaokotwa ufuoni wakiwa maiti, yeye hakuonekana. Wanaume walimtafuta hadi wakachoka. Walipokuja kutoa habari mama hakulia. Aliwaambia, "Nionyesheni," na hakuna aliyekuwa na cha kumwonyesha.

Kwetu mtu aliyemezwa na maji haachwi hivyo hivyo. Hukatwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba, likavikwa sanda na kuzikwa bomani mahali pake. Mpaka hilo lifanyike hana kaburi, na wadogo zake hawawezi kumpita kujenga nyumba wala kuoa. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kazi ilimwangukia baba mdogo. Alivuka kutoka Mfangano kuja kuzungumza na mama. Mama alimpikia vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hatazika mtoto aliye hai.

Jumapili moja jirani yake wa sokoni alimvuta hadi stooni, apunguze mawazo. Picha ya siku hiyo ilikuwa ya mtoto aliyechukuliwa na mafuriko. Mama mtu alimtafuta mpaka nywele zikageuka nyeupe na macho yakapofuka. Mtoto akakua mbali, akawa ofisa wa polisi, na siku moja akapita mahali akaimba wimbo aliobembelezewa utotoni, na yule kipofu akaitambua sauti. Stoo nzima ililia. Mama yangu peke yake alikaa wima kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani. Watu walipotoka alimwendea karani.

"Kwa maji alitoka namna gani?" alimuuliza.

"Alishika gogo, mama. Watu wakamtoa."

"Watu gani?"

"Wavuvi," karani akasema. Mimi sikuwa nimeona mvuvi yeyote.

Tangu siku hiyo hakukosa hata Jumapili moja, na sinema hazikumwangusha. Kila baada ya picha chache alipotea mtoto, sokoni, kwenye gari la moshi au mtoni, na karibu kila mara alirudi. Leo naweza kueleza kwa nini. Nchi ya Wahindi ilikatwa vipande viwili ilipopata uhuru wake, ndugu wakapoteana, na watengenezaji wa picha walijua vizuri watazamaji wao wanamtafuta nani. Mama hakujua lolote la mambo hayo. Yeye aliuchukua kila mkanda kama ushahidi, na aliukagua kama ushahidi. Mtoto akitambuliwa kwa alama ya kuzaliwa, alisonya. "Alama ya nini? Mimi nitamjua kwa mwendo." Mama wa kwenye picha akikata tamaa mapema, hakumsamehe, na njia nzima ya kurudi nyumbani ningesikia makosa ya mwanamke huyo.

Baba mdogo alirudi, mara hii bila upole. Alisema vijana wa boma wanazeeka bila nyumba kwa ajili ya mchezo wa shuka ukutani. Mama alimjibu kwamba wenye haraka watangulie kuzeeka. Nilimchukia baba mdogo siku hiyo, ingawa alikuwa na haki. Nilimkasirikia mama pia. Nilitaka kumlilia kaka yangu nikakosa pa kumlilia, maana katika nyumba yetu kumlilia kulikuwa ni kumuua.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule huko Suna, mjini Migori, na mama akanifuata na samaki wake. Migori iko njia ya mpakani, wateja walikuwa wengi, Wakuria, Wakisii, watu wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Isebania. Haikupita muda yule Muhindi naye akafungua tawi Suna, akamleta karani yule yule, na nyuma ya duka akajenga chumba kirefu cha kuonyeshea picha. Mama alimshukuru Mungu kwa hilo mbele yangu, kwa sauti.

Lakini sinema zilikuwa zimegeuka. Picha za Kihindi zilikuja na rangi, na pamoja na rangi wakaja vijana wa suruali za kubana waliofukuzana na wasichana vilimani, tena palipo na theluji. Mama wa stelingi akabakizwa kazi ya kufungua mlango na kuuliza kama mtu ameshakula. Baadaye hata huyo akaondolewa. Vijana wa Suna walidai risasi, na Muhindi, ambaye hakubishana na mteja, akaanza kuleta picha za wapanda farasi, tena si wale wa zamani wenye mashati safi waliompiga mwizi na kumrudisha kwa sherifu. Hawa wapya walikuwa na vumbi, hawajanyoa, wanakunja macho. Hawakusema walikotoka wala wanakokwenda. Waliua watu wengi, wakapanda farasi, wakaondoka, na maiti zikabaki pale pale juani.

Mimi nilizipenda, sitasema uongo. Nyuso zile, ukimya ule, namna picha ilivyomsubiri mtu aamue. Bado nazitetea mbele ya yeyote. Vijana walishangilia na kuangua kicheko kila mtu alipodondoka. Karani ndiye aliyebaki bila kazi, kwa kuwa hakukuwa na maneno ya kufasiri. Na mama aliona mara moja jambo ambalo wenye kuandika juu ya sinema tulichelewa kuliona.

"Huyu ni mtoto ya nani?" aliuliza kwa sauti, siku ya kwanza tu.

"Hawajasema, mama," karani akajibu.

"Sasa akipotea, nani atamtafuta?"

Chumba kizima kilicheka. Hata hivyo aliendelea kuja, akitumaini Jumapili ifuatayo wataleta zile za zamani.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa picha ya namna hiyo. Stelingi alikuwa na mwenzake, kijana mchangamfu mwenye kofia iliyomzidi kichwa, aliyezungumza sana na kula kila saa. Nilimwona mama akitabasamu kwa ajili yake. Walipokuwa wakivuka mto na farasi wao, risasi ikatoka majabalini. Kijana akaanguka majini. Kofia ikaelea, picha ikaifuata kidogo, halafu ikamrudia stelingi, ambaye alijaza bunduki yake risasi na kuendelea na safari.

Ghafla tukasikia sauti ya karani gizani. "Amebebwa na maji, lakini hajakufa. Atatokea huko chini. Kuna watu watamtoa."

Hakuna aliyesema neno hilo kwenye picha. Stelingi hata hakugeuka kutazama nyuma. Mkanda ulikwenda hadi mwisho wake, maandishi yakapanda, mlango ukafunguliwa na mwanga ukaingia. Mama hakuinuka.

"Na yule kijana?" aliuliza.

"Iko riili moja imebaki Kisumu, mama," karani akasema. "Hiyo ndiyo iko na yeye."

"Inakuja lini?"

"Jumapili ingine."

Mkuria mmoja muuza ng'ombe, aliyekaa nyuma yetu, akadakia. "Ni kweli, mama. Mimi hiyo niliona Kisii. Anarudi."

"Anarudi na farasi," kijana mwingine akaongeza, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, anarudi, hata wao wamesikia. Suna ni mji mdogo na habari za kaka yangu zilijulikana. Niliwapenda watu wale kwa walichokuwa wakifanya, na wakati huo huo nilitamani kuwazaba makofi mmoja mmoja.

Mama aliwatazama wote, benchi kwa benchi. Hakupandisha sauti.

"Kila siku mtu akipigwa risasi hapa, nyinyi mnacheka," alisema. "Leo huyu amepigwa, hakuna mtu amecheka."

Akamgeukia karani.

"Na zile za Homa Bay? Pia ulikuwa unaniongezea?"

Karani alishika shuka kama anayetaka kuikunja, akaiacha. "Zingine, mama. Zile riili zilikuwa zinapotea."

"Kwa hiyo kuna watoto hawakurudi."

"Walikuweko."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa naona vile unakaa."

Mama aliinamisha kichwa, na kwa muda nikadhani hasira zitamtoka, maana nilizirithi kwake na nazijua. Akasema tu, "Umechoka, mwanangu. Wacha sasa." Kisha akaokota kikapu chake na kutoka, nami nikamfuata.

Tulikwenda hadi karibu na nyumba. Hapo ndipo aliponiambia kwa Kijaluo, "Nyara, binti yangu, mpelekee baba yako mdogo habari. Mwambie niko tayari." Akakaa chini pale pale njiani, na kwa mara ya kwanza tangu mashua ile ipinduke akalia, akimwita kaka yangu kwa jina lake la utotoni. Nilikaa kando yake nikalia pia. Nilikuwa nimeingoja ruhusa ile miaka, na ilipofika niliona ni afadhali isingefika.

Huwa naulizwa kama sinema mpya ziliharibu watu. Wanaouliza wanataka niseme ndiyo, au niseme hapana, sisi tulikuwa washamba. Siwezi kujibu swali hilo nikiwa nimetulia. Zile za zamani zilimdanganya mama kwa upendo, na hizi mpya zikamwambia ukweli bila kumjali hata kidogo. Hakukanyaga tena chumba cha picha mpaka alipokufa, na mimi, ambaye nilizitetea zile mpya kwa kalamu yangu yote, sikuwahi kumlaumu.

Tulivuka kwenda Mfangano. Mhubiri wetu alisema hawezi kusimama mbele ya tunda, lakini alimwombea mama faraghani, na mama aliona hiyo inatosha. Baba mdogo alikuwa ameshatayarisha kila kitu. Shimo limechimbwa, sanda imenunuliwa na kukatwa, na tunda la yago limelazwa juu ya mkeka, si kubwa si dogo. Mama alilitazama. Halafu akatoka nje ya boma, akaenda hadi chini ya mti wenyewe, akatazama juu kwa muda, akaonyesha kwa kidole moja lililoning'inia juu kabisa, refu kuyapita mengine yote.

"Lile," alisema.

"Lile ni refu mno, mama," baba mdogo akamwambia kwa upole. "Kijana wetu alikuwa mfupi."

"Alikuwa mfupi alipoondoka hapa," mama akasema. "Miaka yote hii amekua."

Baba mdogo alivua koti lake na kupanda mwenyewe kulikata. Tulipolilaza kwenye mkeka na kulivika, sanda haikufika miguuni.