Koko Naipanoi na Daftari la Mahudhurio

Mimi ni mtu wa Karatu, Mwiraqw wa mashamba ya ngano, na ubishi wetu mnaujua. Nilipopangiwa shule ile ya njia ya Endulen nilijiapiza kwamba nitakaa mwaka mmoja tu, halafu nahama. Huu ni mwaka wa sita. Kilichoniweka ni ukungu, na bibi mmoja anayeitwa Naipanoi.

Ukungu wa kule haupiti, unakaa. Asubuhi unashuka kutoka ukingo wa kreta na kufunika kila kitu, hata mlingoti wa bendera huuoni. Unasikia kengele za ng'ombe na hujui ng'ombe wako wapi. Kisha watoto wanatokea, mmoja huku, wawili kule, shuka juu ya sare, miguu imelowa umande. Sikuwahi kuzoea kuwaona wakitokea hivyo. Mara nyingine nilizubaa mlangoni mpaka nikasahau kugonga kengele.

Pale wanapotokea, kwenye uwazi wa ua wa miiba tunaouita geti ingawa geti lenyewe halijawahi kuwepo, ndipo alipokuwa akisimama Koko Naipanoi. Koko ni bibi kwa Kimaasai. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na alichaguliwa, nisifiche, kwa sababu alitakiwa mwanamke na wenzake waliona huyu hana maneno, hatawasumbua. Hakuwahi kukanyaga darasani. Tangu utotoni alichunga ndama, akachunga ng'ombe, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaendelea kuchunga. Sisi tulitegemea aje vikaoni, aweke dole gumba, anywe soda, aondoke. Yeye akauliza watoto wanaingilia wapi. Kesho yake jua halijatoka alikuwa pale ameegemea fimbo, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata.

Walimu tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wafugaji wa kule hawahesabu watu, wala ng'ombe. Kumhesabu mtoto ni kumtafutia mabaya. Jioni mwenye boma anasimama mlangoni, mifugo inapita mbele yake taratibu, na ya mwisho ikishaingia anajua kwamba yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hakurudi. Hasemi wamerudi wangapi. Anasema nani hayupo. Koko aliwatazama watoto wetu namna hiyo hiyo, midomo imefumba, macho yakitembea.

Sisi tulikuwa na daftari. Kata yetu ilipanga shule zake kwa mahudhurio, na mwalimu mkuu wa shule ya mwisho alisimamishwa kikaoni mbele ya wenzake ajieleze. Wetu, Mwalimu Dauda, ni muungwana sana, ila vikao vilimnyima usingizi. Alituambia jambo moja tu: "Asilimia isishuke." Hakutuambia tudanganye, na hakuhitaji. Walimu hatutoshi, darasa la sita na la saba yote yalikuwa yangu, na kila Ijumaa nilikaa na kikombe cha chai nikajaza alama za vema za wiki nzima, mstari baada ya mstari, huku nikitazama mawingu dirishani na kuwaza ya kwetu. Kazi yenyewe ilibembeleza. Mkono unakwenda wenyewe, roho iko mbali.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane nilimsalimu Koko, "Takwenya," akaitika, "Iko," lakini hakunitazama.

"Mwalimu, mtoto wa Parmuat hajapita."

"Atapita, Koko. Mapema bado."

"Jana hajapita. Juzi hajapita. Tangu ng'ombe za baba yake zishuke Engaresero, hajapita."

Mtoto wa Parmuat ni Nailantei, wa darasa la saba. Kama kuna mwanafunzi niliyemwota yuko sekondari, ni huyo. Hasemi sana, ila ukimpa ukurasa mmoja aandike insha anaomba wa pili. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tatu. Asipoufanya, masomo yake yameishia hapo. Na mimi mwalimu wake nilikuwa sijashtuka. Nililiona dawati lake tupu kila siku bila kuliona.

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, mimi na Koko, tukitembea ndani ya ukungu. Mtendaji, Lekoko, hakusita. "Namwandikia Parmuat barua ya wito leo leo," akasema. "Nileteeni tu daftari nione siku alizokosa. Bila hilo atakana."

Ofisini kwetu nilifungua daftari. Nailantei, vema. Vema, vema, vema, mpaka mwisho wa mstari. Ndani ya kitabu changu hakukosa hata siku moja.

Koko aliinama karibu. "Alama ya mtoto aliyekuja ni ipi?"

Nikamwonyesha.

"Na mstari wa Nailantei?"

Nikamwonyesha. Akapitisha kidole polepole, alama moja baada ya nyingine, akafika mwisho.

"Basi yupo," akasema. "Muite."

Mpaka leo sijui alikuwa akinitania au la. Uso wake haukubadilika. Ninachojua ni kwamba sijawahi kuona aibu ya namna ile, hata nilipokuwa mtoto na mama akanikuta na sukari mdomoni.

Mwalimu Dauda alisimama mlangoni, amesikia yote. "Laurencia, ukizikata hizo watauliza na za wengine. Watauliza za miaka. Hata kazi unaweza kupoteza."

"Najua, mwalimu."

"Mimi ndiye nitakayesimamishwa kikaoni."

Hasira zilinipanda, kwanza kwake, halafu zikageuka zikaja kwangu, maana kalamu haikuwa yake. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikakata vema ya kwanza, nikaandika hayupo, nikasaini pembeni. Nikakata ya pili. Upepo uliingia dirishani ukitaka kunifungia ukurasa, Koko akaushikilia kwa kiganja chake mpaka nikamaliza mwezi mzima.

Lekoko alisoma, akanitazama, akasoma tena. Akaandika barua bila kuniuliza neno.

Parmuat alipanda na binti yake wiki moja kabla ya mtihani. Nilimsubiri nikiwa nimepanga maneno makali. Nailantei alikuwa kwa shangazi yake huko Engaresero, akiteka maji na kuosha vyombo kwenye kambi ya watalii. Nikaanza kumshambulia baba mtu. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa utaratibu kabisa, "Mwalimu, nilijisemea nitampeleka kwa shangazi yake, shule ikimtaka itamfuata. Nikasubiri. Siku zikapita, hamkutuma mtu. Nikajua mmekubali."

Nililia mbele yake, na mwanamume yule wa watu akatazama pembeni kwa adabu.

Mwisho wa muhula shule yetu ikawa ya mwisho kwenye kata. Mimi nilipewa barua ya onyo, ipo kabatini, naitunza. Mwalimu Dauda alikwenda kusimamishwa, akarudi jioni na vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. "Nimesimama," akasema. "Sikufa." Akaagiza kwamba tangu siku hiyo daftari lijazwe asubuhi, watoto wakiwa wamesimama mbele ya mwalimu.

Lakini hayo yalikuja baada ya mtihani. Siku ya mtihani wenyewe wasimamizi hutoka shule nyingine, sisi wenyewe haturuhusiwi kusogelea madarasa. Nilikaa kwenye nyasi nyuma ya tangi la maji pamoja na Koko. Ukungu ulikuwa unaachia kidogo kidogo, paa la darasa linaonekana, linapotea, linaonekana tena. Huko ndani Nailantei alikuwa anaandika. Sauti zote zilikuwa mbali. Nilijiona mwepesi, nimesamehewa, nusu usingizini.

"Ahsante, Koko," nikamwambia. "Tumemaliza."

Alinigeukia taratibu.

"Nailantei nilikutajia kwanza kwa sababu ana mtihani," akasema. "Supeet wa darasa la sita hajapita tangu masika. Kakenya hajapita. Tajewo, yule hata sijui kama alipita mwaka huu."

Mstari wa Tajewo niliujua vizuri. Ni wa tatu kutoka chini, na nilikuwa nimeujaza vema tangu mwezi wa kwanza. Nikafumba macho nimtafute mwenyewe, sauti yake, alikokuwa akikaa, kama ni mrefu au mfupi. Hakuja. Nilikuwa na jina na alama, mtoto sikuwa naye kabisa.

Nikamwomba Koko anieleze yukoje.