Mikono Iliyotulia

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani pale Iguguno, kwenye kibanda kinachotazama barabara kuu. Alikuwa akishona sare za shule na magauni ya kwaya, na wanawake walitoka mbali, hata Kinyangiri, kumfuata, wakiwapita mafundi wengine njiani. Alipougua ini, vitambaa vya watu vilikaa kwenye mifuko bila kukatwa. Tumbo lake lilijaa maji, ngozi ikageuka manjano, na madaktari wakasema dawa hazitamsaidia tena, anahitaji kupandikizwa ini. Ikabidi twende India. Katika ndugu wote tuliopimwa, niliyefaa kumtolea nilikuwa mimi.

Mke wangu hakutaka. Alikuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza. Alinikalisha sebuleni kwetu Mandewa, mjini, akaniuliza, nikifia chumba cha upasuaji, mtoto atakuja kuambiwa nini. Hata hivyo nilikwenda. Walikata sehemu kubwa ya ini langu wakampa mdogo wangu. Waliniambia lililobaki litakua tena, na kweli lilikua, lakini mwanangu alizaliwa wakati bado nimekatazwa kubeba kitu chochote kizito. Walimweka kitandani pembeni yangu, nikamtazama tu.

Kabla ya kuturuhusu kurudi, daktari alituita wote wawili. Alisema mwili wa mdogo wangu utaliona ini hili kuwa geni siku zote, na utataka kulishambulia. Dawa ndizo zitakazouzuia, kwa hiyo atazimeza asubuhi na jioni maisha yake yote. Mdogo wangu alinishika mkono akasema amesikia.

Alipona vizuri, akarudi kwenye cherehani yake. Shida ikawa mikono. Dawa zilimfanya atetemeke, uzi haukuingia kwenye sindano, mshono ukapinda. Nilimsihi awaeleze madaktari kliniki. Akaniambia amewaeleza, wamesema atazoea.

Dawa zenyewe zilipatikana mjini, na mimi ndiye niliyezichukua na kumpelekea kila zilipokaribia kwisha. Mama, anayeishi naye, alizipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka, akaziweka kwenye sanduku lake chumbani ili joto lisiziharibu.

Jumamosi moja, msimu wa kuvuna alizeti, nilimkuta mdogo wangu uani na gauni la bibi harusi mapajani. Alikuwa akishonea shanga kifuani. Uzi ulipomwishia, alikata mwingine akautia kwenye sindano mara moja tu, huku akinisimulia habari za huyo bibi harusi. Nilifurahi mpaka nikacheka. Nilimwambia mikono imetulia. Akatabasamu bila kuinua kichwa, na mama, aliyekuwa akichambua mchicha pembeni, akanyanyuka akaingia ndani.

Mdogo wangu alisimama ili anionyeshe gauni vizuri. Jua likampiga usoni, nikaona macho yake. Yalikuwa manjano. Nilimuuliza, akasema ni vumbi la alizeti. Nilimuuliza kama anameza dawa, akasema anameza. Nikamwambia anionyeshe pakiti anayotumia sasa. Alitazama mlango alioingilia mama.

Nilimfuata mama chumbani. Hakubisha. Alifungua sanduku, akainua vitenge vyake, na chini yake zilikuwepo pakiti nilizoleta safari baada ya safari. Hazikuwa zimefunguliwa. Mfuko wa mwisho ulikuwa bado umefungwa fundo langu mwenyewe.

Mama aligeukia Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani, kama anavyofanya akiwa na jambo zito. Alisema binti yake alikuwa akilia kila jioni, wateja wamemkimbia. Alianza kuruka dawa siku zenye kazi nyingi. Alipoona hakuna baya lililompata, akaacha kabisa. Kumbe walijua wote, hata baba mdogo, hata kaka yangu mkubwa.

"Mbona hamkuniambia?" nilimuuliza.

"Tulijua ungekasirika."

"Mama, ulikuwa unazipokea. Ulikuwa unaniombea baraka."

Alifunga sanduku polepole. Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, gauni la watu bado mkononi.

"Hili ini ulinipa, kaka," alisema. "Au uliniazima?"

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilitaka kumwambia juu ya mke wangu sebuleni, na mtoto nisiyeweza kumwinua. Nilimwambia avae viatu.

Alilazwa hospitali kubwa Dodoma. Madaktari walisema mwili umeanza kulikataa ini, wakamtundikia dripu za dawa kali, na kwa siku kadhaa hawakutuahidi chochote. Nilikaa naye. Nilimwogesha uso, nilimlisha uji, na sikuongea naye zaidi ya yale yaliyohitajika. Mama alipokuja nilimwamkia, nikampisha kiti, nikatoka nje.

Ini lilipona, ingawa si lote. Daktari alipopata habari ya mikono alishangaa. Alisema kutetemeka huko kunajulikana, dozi ingeweza kurekebishwa, au angebadilishiwa dawa, kama angesema. Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa amegeuzia uso ukutani.

Walimbadilishia, na sasa anashona tena, taratibu. Dawa anazifuata mwenyewe mjini. Kaka yangu mkubwa alinipigia kuniambia yaliyopita yamepita, nikamwambia sawa, kwa sababu sikutaka kubishana naye. Mke wangu hajasema neno. Ningependa aseme, maana kunyamaza kwake kunaniuma zaidi.

Krismasi mdogo wangu alikuja kwetu Mandewa. Tulikula vizuri, alimshonea mwanangu shati, na mwanangu hakutaka kulivua. Jioni alitoa vidonge vyake kwenye mkoba, akaja mpaka nilipokaa, akavimeza mbele yangu. Kisha akafungua mdomo nione kwamba havimo, kama mtoto mdogo anayelazimishwa dawa.

Nilimwambia sijamwomba anionyeshe.

"Najua," alisema. Akaenda kumsaidia mke wangu kuosha vyombo, nami nikabaki pale kwenye kiti, nikiona aibu, na bado sikumwamini.