Mvinyo Niliouchelewesha

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa kumi ambayo hadi leo ikinijia huacha ninachokifanya nikakaa chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ghala langu la bati kule Hombolo, ufunguo mkononi, namtazama Mzee Ndahani akija kwa miguu kutoka shambani kwake na kikombe mkononi. Nilijua anakuja kuonja. Nilijua pia jambo ambalo yeye hakulijua, na nilikuwa nimekaa nalo miezi saba bila kumwambia mtu.

Mwanangu, nipe muda nikusimulie taratibu, maana jambo hili nikilisimulia kwa haraka huwa najipendelea.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya Dodoma yalianza kujaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na katika vitu hivyo zilikuwamo chupa za mvinyo kutoka nje, zenye karatasi za kumetameta na picha za majumba ya mawe. Wakati huohuo, yule mnunuzi mkubwa aliyekuwa akichukua zabibu za wakulima wetu wote aliacha kuja. Hakutangaza. Msimu mmoja gari halikuonekana, msimu uliofuata halikuonekana, basi watu wakaelewa. Wengi waling'oa mizabibu wakapanda alizeti.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Makole, pale mjini, na kazi ya mvinyo nilijifundisha mwenyewe. Mwalimu wangu alikuwa kitabu kimoja cha Kiingereza kilichoachwa na padri, ambacho sura yake ya kwanza ililiwa na mchwa. Nilikisoma na kamusi pembeni mpaka nikakijua karibu kwa moyo, isipokuwa ile sura. Nimewahi kuwaza kwamba labda nilichokihitaji kilikuwa humo humo, lakini hayo ni mawazo ya mtu anayetafuta wa kumlaumu, hata kama ni mchwa.

Mzee Ndahani alinisikia nikizungumza sokoni, akaniita. Alikuwa na ekari mbili za zile zabibu nyekundu tunazoziita Makutupora, na watoto wawili wa kiume, watu wazima, ambao walishachoka nazo. Akawaambia mbele yangu, "Mvinyo wa huyu kijana ukipata wanywaji, mizabibu inabaki. Ukikosa, chukueni majembe, sitasema neno." Kisha akanigeukia. "Umesikia, baba?"

Nilisikia. Na tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Usidhani nilikuwa mvivu. Niliosha mapipa mara tatu, nikayanusa, nikayaosha tena. Nilichambua zabibu moja moja mpaka watoto wa mzee wakacheka. "Huyu anazitafutia mchumba," mkubwa wao alisema. Mzee alinipa chumba katika tembe yake niweke mapipa, chumba cha udongo chenye paa la udongo, ambamo hata jua la saa nane huingia limechoka. Nilikataa. Nilimwambia mvinyo unahitaji ghala rasmi. Ukweli ni kwamba niliona aibu: je, mgeni akija akakuta mapipa yangu yako ukuta mmoja na ndama? Nikajenga ghala la bati, jipya, linalong'aa. Wewe umekulia Dodoma, unajua mwezi wa kumi na wa kumi na moja bati linafanya nini.

Hata hivyo mvinyo ule ulitoka vizuri. Nakwambia hili kwa masikitiko. Tulivuna mwezi wa nane, na kufikia Desemba ulikuwa na rangi ya kucheka, una harufu ya tunda lililopasuka, una ukali kidogo mwishoni ambao uliita nyama ya mbuzi; Mzee Ndahani aliuonja, akaomba kikombe cha pili. Mama Eliza, mama wa Kichaga aliyekuwa na baa ndogo Makole, alikuja mpaka Hombolo juu ya gari la kuni, akanywa glasi mbili akiwa amesimama.

"Nipe huu wote," akasema. "Sikukuu zinakuja."

"Bado mchanga, mama. Unahitaji miaka miwili."

"Miaka miwili? Unaufuga huu, kama ng'ombe wa mahari?"

"Ukikomaa utakuwa mzuri zaidi."

"Kijana wangu, wateja wangu ni makarani na wanafunzi. Wanataka kunywa leo, na leo ni mzuri. Sasa unachokisubiri ni nini?"

Nilimtajia kitabu, mwanangu. Jibu la kweli lilikuwa hili. Wiki chache kabla, pale pale kwake, ofisa mmoja alifungua chupa ya nje ya miaka minane, akatumiminia wote tulioketi. Nilionja, na ulimi ukaniambia kweli: mvinyo ule umekufa, umekaa kwenye dirisha la duka ukapigwa na jua mpaka ukafa. Ofisa akasema, "Mnaona vitu vilivyokomaa?" Wote wakaitikia. Na mimi, niliyejisomea, niliyejua, nikasema, "Mzito sana." Nilisema hivyo nikiwa na ladha ya siki mdomoni. Nilirudi chumbani nikiwa nimeamua kwamba wa kwangu nao lazima uzeeke, ili siku utakapowekwa mbele ya watu kama wale asiwepo wa kusema ni wa kienyeji. Kwa kweli niliogopa siku yenyewe. Miaka miwili ilikuwa miaka miwili ya kutopimwa na mtu.

Mama Eliza aliondoka bila kinyongo. Aliacha maneno tu: "Ukibadili mawazo, unapajua kwangu."

Mwezi wa tatu nilifungua pipa la kwanza. Harufu ya tunda ilikuwa imekwenda. Rangi ilianza kuelekea kwenye chai. Nikafungua la pili, la tatu, yote kumi, hadithi ileile. Ningeweza kulia pale. Badala yake nilikwenda kwenye kitabu, nikapata mstari unaosema kwamba mvinyo wa hadhi huweza kulala kwa muda, ukawa kama umepotea, kisha ukaamka mzuri kuliko mwanzo. Nikaushika mstari ule kama mgonjwa anavyoshika mkono wa daktari. Wangu umelala, nikajiambia. Nikafunga mapipa.

Na hapa ndipo kosa lilipokua, kwa sababu sisi wa huku, tofauti na wale walioandika kile kitabu, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mwezi huohuo wa tatu mizabibu ya mzee ilikuwa imeiva tena. Akatuma mtu kuniuliza kama nakuja. Nikajibu mapipa yamejaa. Mwezi wa nane akatuma tena, nikajibu vilevile. Na kweli yalikuwa yamejaa, yamejaa kitu ambacho ningeweza kukimwaga kwa asubuhi moja nikaosha na kuanza upya. Wale watoto wake waliuza walichoweza kwa makapu barabarani, sehemu kubwa ikaliwa na ndege. Mimi nilikuwa nalinda maiti, mwanangu, na nyumbani kwa mwenzangu chakula kinaozea kwenye mti.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya mwezi wa kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda. Fungua."

Nikafungua. Nilimjazia kikombe, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akageuka pembeni akatema kwa adabu, kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula cha wenyewe. Hakuniuliza maswali ya kitabu.

"Ulijua lini?"

Nilitaka kusema ndiyo kwanza naona. Neno lilishafika mdomoni. Sijui ni nini kilinizuia. Nafikiri ni ile namna yake ya kutema.

"Mwezi wa tatu, mzee."

Akahesabu kwa vidole, polepole, mavuno mawili. Akakaa juu ya pipa bovu lililokuwa nje, akatazama kikombe chake.

"Ungeniambia mwezi wa tatu," akasema, "wanangu wangenicheka. Wangecheka wiki nzima. Halafu tungemwaga, tukavuna." Akamwaga chini kilichobaki kikombeni. "Mimi kuchekwa nimezoea, baba. Hata mvinyo kuharibika nisingekukasirikia, ni mara yako ya kwanza. Zabibu zilikupa kitu kizuri, wewe ukawa unataka kitu kingine. Kile kizuri kilisubiri kwa heshima, kikachoka."

Nikamwambia nilitaka uwe bora ili watu wasitudharau.

"Watu gani?"

Sikuweza kumtajia hata mmoja aliyekuwa na jina.

Aliondoka, na neno lake alilitimiza. Wiki iliyofuata watoto wake walichukua majembe. Kilichonishangaza ni kwamba alituma mtu kuniita nikasaidie. Nilidhani ni adhabu. Nilipofika nikakuta ni kazi tu, na pamefika chakula, na nafasi yangu imeachwa kwenye mkeka. Nilichimba pamoja nao siku mbili. Mzabibu wa miaka kumi na mitano hautoki kirahisi; mizizi yake imekwenda mbali kutafuta maji, unaivuta mpaka mgongo unalia, na inapokatika inatoa harufu ya udongo mbichi hata kiangazi. Yule mtoto mkubwa, aliyenitania habari za mchumba, hakunitania tena. Alinipokea jembe tu kila aliponiona nimechoka.

Siku ya pili jioni mzee akapita akasimama mbele ya mistari minne iliyo karibu na nyumba. "Hii iacheni," akawaambia watoto wake. Mimi hakunitazama. "Chumba cha tembe bado kipo," akasema akielekea ndani.

Mwezi wa tatu tulivuna ile mistari minne, tukapata mapipa mawili, tukayaweka ndani ya tembe, ukuta mmoja na ndama. Mwezi wa sita nilikwenda kumwita Mama Eliza mwenyewe, nikiwa kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu. Alionja akasema una ukali kidogo, na akachukua yote. Kikombe cha kwanza nilikuwa nimempelekea mzee. Alikunywa chote, akasema, "Huu ndio ule wa kwanza."

"Ndiyo, mzee. Ndio uleule."

Ekari mbili hazikurudi kamwe. Mpaka leo ukipita pale utaona alizeti.

Basi, mwanangu, najua ninayoyasema kuhusu mvinyo hayapendwi kwenye meza za wanaojua. Nasema zabibu yetu nyekundu ni ya kunywewa ndani ya mwaka, imepozwa kidogo, na nyama pembeni, na wala simwombi mtu radhi kwa hilo. Nasema nchi ya joto haina dhambi. Inazaa mvinyo wa haraka kama inavyozaa mvua ya haraka, na mvua ya haraka tunailimia. Anayeipima kwa kipimo cha nchi ya baridi atakuta inapelea kila siku, kama mtu anayempima mbuzi kwa urefu wa twiga. Ipo mivinyo ya kuwekwa miaka, nimeionja, ni mizuri, na ina watu wake na mahali pake. Lakini kuzeeka peke yake si sifa. Nakwambia hivi nikiwa na mvi. Miaka ilinikuta na woga, na ingeniacha nao uleule kama mzee yule asingekuja na kikombe chake.

Na wewe uliyeishika kazi hii ya mvinyo, najua unavyoifanya. Unaosha mara tatu, unanusa, unaosha tena. Sikwambii uache, kwa kuwa uangalifu ni mali. Ninachokuomba ni ujiulize, kila unapotaka kusubiri zaidi, kama unakisubiri kitu kikue au unamsubiri mtu wa kukutisha apite. Kilicho tayari kitoe kingali na harufu yake, hata kama unaogopa. Kikiharibika, sema siku hiyohiyo, kwa yule aliyekuamini, kwa sauti, ungali una mwezi wa nane mbele yako. Usimnyime mwenzako mavuno yake kwa sababu mapipa yako yamejaa aibu. Na usiwatengeneze watu wasio na majina ukawapa kiti cha hakimu, muulize aliyenywa.

Mimi bado naogopa kila ninapofungua pipa. Sikudanganyi kwamba inaisha. Nimejifunza tu kufungua nikiwa naogopa.

Mungu akupe watu wanaotema kwa adabu na kukuachia nafasi kwenye mkeka. Akujalie ulimi unaosema kweli mapema, mizizi inayokwenda mbali, na chumba cha baridi katikati ya joto letu. Na utakachokivuna mwaka huu, kinywewe mwaka huu, wewe ukiwa hapo unawamiminia.